Madume ya Dorper yaendelee kugawiwa umasaini, au tumlinde kondoo mwekundu?

Mleta mada: Naomba tujadili kwa hoja. Mpaka katikati ya miaka ya 1970 kondoo mwekundu wa Kimasai, anayesifika kwa kuhimili minyoo, alijaa kila boma. Kisha Kenya ikaanza kusambaza Dorper, kondoo wa nyama wa asili ya Afrika Kusini, kwa ruzuku, na wafugaji hawakuelekezwa namna ya kuendesha uchotara bila kumaliza mbegu ya asili. Hesabu ni fupi: mtoto ana nusu ya damu ya Dorper, mjukuu robo tatu, kitukuu saba kwa nane. Vizazi vitatu tu, mwekundu amekwisha. Msimamo wangu: asipewe mtu dume kabla hajaonyesha majike wekundu atakaowatenga.

Mfugaji wa Namanga: Ndugu, mnadani mnunuzi halipi historia, analipa mwili. Chotara anawahi uzito na ada ya shule haisubiri. Mkitaka tumrudie mwekundu, semeni nani atafidia hiyo tofauti.

Daktari wa mifugo: Mzee wangu, fidia unayo kundini mwako. Chukua majike 100, kila mwaka ukiondoa 20 waliozeeka. Tuseme wanazaa wana 80, nusu ni majike, na mmoja kati ya watano anakufa. Hapo kila jike anakupa 0.32 ya mrithi, kwa hiyo wapandishwe 63 kwa dume jekundu halisi ili upate hao 20. Wale 37 wapeleke kwa Dorper, na machotara wote, wa kike pia, wauzwe nyama. Ukimbakiza chotara wa kike kwa kuwa ni mnene, mpango umekufa hapo hapo.

Linaloharibu zaidi ni madume ya jirani machungani. Yafungeni ngozi tumboni yasipande, jinsi wazee wanavyofanya, na mfungue kwa siku 34 tu, yaani mizunguko miwili ya joto la majike. Dume jekundu nalo mbadilishane na boma la mbali kabla halijapanda mabinti zake. Na msichague kwa rangi, maana chotara naye huwa mwekundu, shikeni mkia. Wa Kimasai una mafuta, wa Dorper ni mwembamba, wa chotara uko katikati.

Mfugaji wa Namanga: Hesabu nimeielewa. Lakini dawa ya minyoo si ipo? Kwa nini nimfuge mdogo kwa ajili ya minyoo?

Daktari wa mifugo: Mnyoo mnyonya damu wa tumboni hunyonya karibu mililita 0.05 kwa siku. Minyoo 1,000 ni mililita 50, kila siku. Vuta kope ya chini: ikiwa nyeupe kama karatasi, na kuna uvimbe chini ya taya, umechelewa. Dawa mnapima kwa macho, mnyama wa kilo 40 anapewa ya kilo 30, na minyoo iliyonusurika ndiyo inayozaa. Mwekundu anahimili zaidi. Katika majaribio ya Diani, pwani kwenye unyevu, alimshinda Dorper kwa mbali. Kapiti, kwenye ukame, tofauti ilikuwa ndogo, nami siifichi.

Afisa wa malisho: Mnasahau nyasi. Viluwiluwi vya minyoo hukaa chini, kwenye sentimita chache za kwanza za jani lenye umande, na kondoo hula papo hapo. Kundi lililohama huviacha vife juani. Tangu mashamba ya pamoja ya Kajiado yagawanywe na kuzungushiwa uzio, kondoo hurudia pale pale. Olopololi, yaani malisho ya akiba yanayofungwa karibu na boma, lifungwe mvua zinapoanza, lifunguliwe kiangazi, ndama na ng'ombe dhaifu watangulie. Ng'ombe humeza minyoo mingi ya kondoo bila kudhurika. Kondoo wasiingizwe hadi jani liishe, kwa sababu mzizi ukifa, mvua ijayo inaotesha magugu.

Mleta mada: Basi nabadilisha hoja yangu: dume la Dorper litolewe pamoja na dume jekundu, na kwa boma lenye olopololi. Asiye na olopololi je? Hapo bado sijaridhika.

Afisa wa malisho: Majirani watatu wanaweza kufunga moja kwa pamoja. Ugumu ni kukubaliana siku ya kulifungua.