Vuta N'kuvute darasani: mbona ubaguzi wa sisi kwa sisi tunauruka?

Mwalimu wa Fasihi

Habari zenu wakuu. Nafundisha Kiswahili kidato cha tano na sasa hivi tuko kwenye Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi kuhusu Zanzibar ya wakati wa ukoloni. Kila nikitoa swali la dhamira ya ubaguzi darasa zima linakimbilia kwa Inspekta Wright, yule afisa wa polisi wa kikoloni, na serikali ya Mwingereza, wanaandika ukurasa mzima, wamemaliza. Notsi za mtaani ndivyo zinavyosema na kwenye mtihani alama wanapata. Lakini jamani, kile kitabu kinaanza na Yasmin, binti mdogo wa Kihindi anaozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima wa kumzaa, anatoroka, ndugu zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, Mswahili wa Ng'ambo, mtaa wa Waswahili pale mjini Unguja. Halafu kule kukaa na Waswahili ndio inakuwa aibu juu ya aibu kwa watu wake. Huo nao si ubaguzi? Mbona hakuna mwanafunzi hata mmoja anayeuona?

Juzi nikasema leo tunaanzia hapo. Darasani nina binti mmoja wa Kihindi. Nimeanza tu kuongea, mmoja huko nyuma akatamka "gabacholi", lile jina la kuwadhihaki Wahindi, darasa zima likaangua kicheko, yule binti akainamia daftari akawa anachora chora pembeni mpaka kengele inagonga. Nilimwita yule kijana baadaye nikamuuliza kwa nini, akaniambia, na alikuwa anashangaa kweli, "Kwani mwalimu hiyo nayo ni ubaguzi? Si utani tu?" Ndio nikaona tuna kazi. Naomba wenye uzoefu mnisaidie, nilifundisheje hili bila kumuumiza yule mtoto na bila kulifanya liwe somo la kuwalaumu Wahindi?

Mzee wa Gerezani

Mwalimu nakuheshimu ila hapa uwe makini sana. Ubaguzi wa ndugu kumfungia binti yao mlango huwezi kuuweka mizani moja na ubaguzi wa serikali yenye sheria na polisi. Dar es Salaam hii tunayoiona leo ilipangwa kwa rangi, Oysterbay Wazungu, katikati ya mji Wahindi, Kariakoo sisi. Ocean Road ilikuwa hospitali ya Wazungu. Shule mbalimbali, mishahara mbalimbali. Hata uchaguzi wa 1958 mpiga kura alilazimishwa kupiga kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu, na TANU karibu ivunjike pale Tabora wakibishana waingie au wasuse. Sasa watu umewatenganisha hivyo miaka yote, mmoja umempa duka na mwingine umemfanya kuli, utategemea waoane? Wanafunzi wako wakianza na Wright hawajakosea, wameanza na mwenye rungu.

Bint Ng'ambo

Mzee umesema kweli tupu lakini usimpe Mzungu sifa zote, mengine tulikuwa nayo wenyewe kabla yake. Mie mtu wa Unguja, ntakupa Siti binti Saad. Kazaliwa Fumba mnamo 1880 kwenye utumwa, na jina alilopewa ni Mtumwa, wazee wake wafinyanzi, kazi yake kutembeza vyungu akinadi kwa sauti. Kaja mjini 1911, kajifunza kuimba, na taarabu wakati huo ilikuwa ya kasri, ya Kiarabu, yeye kaileta kwa Kiswahili mpaka 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri. Unadhani walifurahi? Walimtungia wimbo wa kumsimanga, kwamba huyu kawa mtu lini, kaja mjini kajifunga kaniki, lau si sauti angekula nini. Kaniki ile nguo nyeusi ya watumwa na watu wa shamba, kwa hiyo hapo hawamsemi nguo, wanamwambia tunakujua ulikotoka. Na waliosema hivyo si Waingereza, ni watu wa mji huu huu, na biashara ya utumwa ilikuwa imeshafutwa miaka na miaka! Naye aliwajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si kitu, hasara ya mtu ni kukosa akili. Shaaban Robert kaandika wasifu wake, mwalimu utafute uwasomeshe hao watoto, maana pale hakuna Mhindi wala Mzungu wa kutupiwa lawama, wajiangalie wenyewe.

Na kwetu sie mpaka leo posa inaweza kurudishwa kwa sababu ya asili ya mtu. Hawasemi hadharani, watasema "hatujaafikiana", lakini kila mtu mtaani anajua kwa nini.

Kisauni Moja

Salaam kutoka Mombasa. Naongezea tu, kuna Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilitoka 1934, babake alikuwa mtumwa aliyekombolewa akaletwa Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa hapa Mombasa, pale pale penye ile kengele, ndio mtaa ukaitwa Kengeleni. Hicho kitabu kisomeni ila kwa macho mawili. Mwarabu humo ni mbaya moja kwa moja na Mwingereza ni mkombozi moja kwa moja, na kikasomeshwa shuleni wakati wa ukoloni, kwa hivyo watoto walikua wakijua nani wa kuchukiwa na nani wa kushukuriwa. Mimi siwezi kumlaumu Mbotela, aliandika yaliyowapata watu wake na yalikuwa ya kweli, lakini unaona vile kitabu chaweza kulia machungu ya kweli na bado kikapanda chuki kwa kabila zima. Hiyo ndiyo mada ningewapa hao wanafunzi wa form five wabishane hadi jioni.

Mwalimu wa Fasihi

Asanteni sana, Bint Ng'ambo hiyo ya kaniki nimeinakili kama ilivyo. Mzee, nimekuelewa, nitaanza na mipango ya mji na kura tatu kisha ndio niingie kwa Yasmin. Ila na wewe kumbuka Oktoba 1961, tumebakiza wiki chache tu tupate uhuru, kuna wabunge walitaka uraia uwe wa mtu mweusi peke yake na Nyerere akasimama akawakatalia kwa ukali mpaka akatishia serikali yake kujiuzulu. Hao wabunge walikuwa wetu. Na Zanzibar 1970 mabinti wenye asili ya Kiajemi wakaozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa Baraza la Mapinduzi. Yasmin wa kwenye kitabu aliozwa na ndugu zake bila kuulizwa, hawa wakaozwa na serikali kwa jina la kufuta ubaguzi. Nikiwafundisha Wright tu nikanyamazia haya nitakuwa nawadanganya.

Mtoto wa Uhindini

Mimi nimezaliwa Tanga, babu yangu kazaliwa Tanga, na nilisoma shule ya serikali nikiwa Mhindi peke yangu darasani. Naomba niseme kuhusu huyo binti. Usimchague asome sehemu za Yasmin kwa sauti, walimu wangu walikuwa wakifanya hivyo kwa nia nzuri kabisa, lakini kuanzia hapo jina lako linakuwa Yasmin hadi mnamaliza shule. Na usimuulize mbele za watu "eti kwenu mnafikiriaje", mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, ningejuaje Wahindi wote wanafikiria nini? Nyumbani nilikuwa nasikia wakubwa wakiongea vibaya kuhusu Waswahili, shuleni nasikia gabacholi na ponjoro, na kote nilinyamaza. Mwite pembeni kabla ya kipindi kijacho, mwambie utafundisha nini, muulize kama anataka kuwepo na kama kuna kitu hataki kiguswe. Akisema hataki kuchangia mwache asikilize. Na yule kijana wa gabacholi asiombe msamaha mbele ya darasa kwa kulazimishwa, hiyo inamrudia binti wakitoka nje, mpe yeye ile kazi ya Siti binti Saad ailete kwa maandishi.

Bint Ng'ambo

Hapo kwa huyo kijana umepiga penyewe. Mwalimu, ukikosa huo wasifu huko dukani niandikie inbox, mie ninacho, ntakupigia picha kurasa za ule wimbo na majibu yake.