Mliokatwa mguu mkavaa wa bandia, tupeane uzoefu

Wakuu, habari zenu. Nilikatwa mguu chini ya goti baada ya ajali, sasa natembea na wa bandia. Kwenye mazoezi unafundishwa kupiga hatua, ila kuishi na kigutu (sehemu ya mguu iliyobaki) inabidi tufundishane. Naanza mimi.

Kilichonisumbua zaidi ni kigutu kupungua. Asubuhi soketi, yaani kikombe cha mguu wa bandia kinachovaliwa kwenye kigutu, inashika vizuri, mchana inalegea, kigutu kinazama na ncha ya mfupa inaanza kugonga chini. Hapo kaa, vua, ongeza soksi ya kigutu, vaa upya. Mimi sitoki bila soksi za akiba. Ukivua, angalia ngozi. Wekundu kidogo chini ya pia ya goti ni kawaida, maana hapo uzito unaegemea, na unatakiwa ufutike baada ya dakika kama 10. Ukiwa kwenye ncha ya mfupa, au haufutiki, usivae. Rudi kwa fundi wa viungo bandia aitengeneze soketi.

Mchangiaji 2: Umesema kweli. Nami niongeze kwa ambao bado hawajapewa mguu: msiweke mto chini ya goti, hata kama unasikia raha. Goti likikakamaa limekunjwa, kutembea ni shida. Mama yangu alikatwa juu ya goti kwa ajili ya kisukari, tukawa tunamlaza kifudifudi kila siku ili nyonga isikunjamane. Alinung'unika sana, lakini alisimama. Na wenye kisukari msisubiri maumivu, ganzi inaficha vidonda. Kagueni kwa kioo kila jioni, na mguu uliobaki pia.

Mchangiaji 3: Jamani, mimi vidole ambavyo havipo vinawaka moto usiku. Naogopa hata kusema.

Mwanzisha mada: Pole sana ndugu yangu. Hujachanganyikiwa, yanatupata wengi: ubongo bado unausikia mguu. Mimi nilisaidiwa na kioo, njia aliyoianzisha mtaalamu wa ubongo Ramachandran miaka ya 1990. Unakisimamisha katikati ya miguu, unachezesha mzima huku ukitazama taswira yake. Wengine hakiwasaidii, wanapata nafuu kwa dawa za mishipa ya fahamu. Mwambie daktari, tafadhali.

Mchangiaji 4: Ngazi: kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza wa bandia. Na ukibadili viatu, kisigino kiwe na kimo kilekile, la sivyo goti linasukumwa mbele au nyuma.