Mwalimu wa matangazo ya ofa za watu wazima hapa Malindi: sisi tukipoteza, yeye analipwa

Wadau, salaam. Uzi huu ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira, lakini kila nitakachosema nina ujumbe wake wa M-Pesa au picha yake ya skrini. Jina la mtu silitaji, wala la kampuni yoyote. Aliyekaa lile darasa atamjua tu.

Mimi ni mtu wa mapokezi hotelini, huu ni mwaka wangu wa tisa. Masika yakianza Aprili hoteli hufungwa, na sisi wa mkataba tunarudishwa nyumbani mpaka Julai, Waitaliano waanze kushuka tena. Mwaka huu nikasema sikai barazani miezi mitatu nikihesabu pikipiki. Rafiki yangu akanitumia tangazo kwenye WhatsApp: Jumamosi sita, Sh 18,500, ujifunze kuendesha na kupima kampeni za matangazo ya ofa za watu wazima, ulipwe kwa dola ukiwa kwako. Nikalipa siku ileile.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: kuna tovuti za kutafuta wapenzi za watu waliotimiza miaka 18, kuna za video za kulipia, kuna za kuongea kwa kamera. Zote zinatafuta wateja, na zinamlipa afilieti, yaani mtu wa kati, kwa kila mteja anayejisajili. Facebook hawayataki matangazo hayo na Google wanayabana sana, kwa hiyo watu hununua nafasi kwenye mitandao ya matangazo inayohudumia tovuti za watu wazima: mabango, arifa zinazoruka kwenye simu, na yale madirisha yanayofunguka kimyakimya nyuma ya ukurasa unaousoma. Unanunua kliki, yaani mtu kubonyeza tangazo lako, unaipeleka kwenye ofa, yaani ukurasa wa tovuti inayotafuta wateja, na kinachobaki katikati ndicho chako.

Watakuja wa kuniambia pesa hiyo ina mkosi tangu mwanzo. Nimeyasikia kwa mamangu mzazi na sikubishana naye. Lakini mtu akikuuzia ngalawa yenye tundu, usimtetee kwa kuniambia mimi sikuwa na haja ya kwenda baharini.

Tulikuwa watu 18, chumba cha juu, njia ya kwenda Casuarina, feni moja. Jumamosi ya kwanza haikuwa na somo. Mwalimu alitupitishia simu yake mkono kwa mkono tuone dashibodi: dola 212, dola 187, dola 240, siku kwa siku. Mimi nikapiga picha ile skrini ili nikamwonyeshe mke wangu. Ishikeni hiyo picha akilini, nitairudia.

Jumamosi ya pili tukafungua akaunti kwenye mtandao wa matangazo. "Piteni kwenye linki yangu, msitafute nyingine, hii ndiyo yenye bonasi." Kima cha chini cha kuweka kilikuwa dola 200. Kwa bei ya dola siku ile ni kama Sh 26,000. Mama mmoja anayeuza mahamri Barani alikopa chama ili azipate. Mwalimu alimsimamia begani mpaka kadi ikapita.

Jumamosi ya tatu tukarusha kampeni. Ofa yangu ilikuwa ya kutafuta wapenzi, Italia, dola 2.40 kwa kila anayejisajili na kuthibitisha kwa barua pepe. Kliki ilikuwa senti 5 za dola. Pigeni hesabu, kwa sababu yeye hakutupigia hata siku moja: kliki 1,000 ni dola 50, na ili dola 50 zirudi unahitaji usajili 21. Chini ya hapo unakula hasara. Hesabu hii ya dakika mbili ndiyo mlango wa biashara nzima, na nimeijua mwenyewe usiku, kwenye karatasi ya nyuma ya daftari la shule la mwanangu.

Dola 50 za kwanza zilinipa usajili 6, yaani dola 14.40. Nikamwandikia. Akajibu: "Ongeza bajeti, data haijatosha." Nikaongeza dola 100.

Wakati huohuo yule mama wa mahamri alikuwa amepata kliki 60, usajili hakuna. Yeye aliambiwa: "Ofa imekufa, hamia mtandao mwingine, linki hii hapa." Mtandao mwingine maana yake kuweka pesa upya. Yeye hakuwa nazo, na mpaka leo analipa chama.

Hapa ndipo naomba mnielewe. Tuseme ofa haijafa, inapata usajili mmoja kwa kila kliki 100. Hata hivyo nafasi ya kununua kliki 100 na usipate hata mmoja ni kama 37 kwa 100. Si ofa iliyokufa, ni bahati ya kawaida tu. Ukifika kliki 300 bila kitu ndipo nafasi hiyo inashuka mpaka kama 5 kwa 100, na hapo una haki ya kuanza kuishuku. Kliki 60 hazikwambii chochote. Kupima ni huku: kujua ni wakati gani namba inasema na wakati gani inapiga kelele tu. Alitoza ada ya kufundisha kupima, na jambo hili hakulitamka kwa Jumamosi sita.

Wala traka, yaani programu ya kufuatilia kliki, hakutufundisha. Kila kliki unayonunua hupewa namba yake. Mtu akijisajili kwenye ofa, ofa inairudisha ile namba kwenye traka yako, ndipo unajua kliki iliyozaa ilitoka tovuti gani, simu aina gani, saa ngapi. Bila hiyo umefumba macho. Nilimuuliza Jumamosi ya nne akasema hayo ni ya wakubwa, tutayafika. Hatukuyafika. Nilikaa usiku tatu kwa bando langu nikijifundisha, nikaiunganisha kabla ya zile dola 100 kuanza kutumika.

Na nilichokiona kilinitoa usingizi. Zoni mbili tu, yaani nafasi mbili za matangazo kwenye tovuti mbili, zilikuwa zimekula dola 63 kati ya 100. Usajili sufuri. Kliki zinaingia tano, sita, sekunde ileile moja, na hakuna hata moja iliyogusa kitufe cha ukurasa wa kwanza. Hao si watu, hizo ni roboti. Usajili wangu wote 11 ulitoka kwenye dola 37 zilizobaki. Kuzifungia zile zoni kulinichukua chini ya dakika moja. Mwalimu anakaa na sisi muda wa saa nne kila Jumamosi, hakutumia dakika hiyo moja.

Kisha maneno ya tangazo. Alitupa faili la matangazo yaliyotafsiriwa na mashine. La Kiitaliano lilikuwa likimwita mtu "Lei", wewe ya heshima, kwenye mstari wa kwanza, kama barua ya benki, halafu mstari wa pili linamwita "tu", wewe ya kirafiki. Ndugu zangu, huu ni mji ambao kijana wa ufukweni anajua tofauti ya "Lei" na "tu" kabla hajamaliza shule. Mimi naongea Kiitaliano na wageni kila siku ya kazi. Ikiwa kuna mahali pwani hii ambapo darasa lingeweza kuandika tangazo la Kiitaliano likasomeka ni la mtu, ni hapa, na yeye akatukataza kuligusa faili lake.

Nikaliandika upya. Dola 50 za mwisho, zoni zile nimezifungia, maneno ni yangu: usajili 17, dola 40.80. Bado ni hasara ya dola 9.20, lakini si hasara ya gizani. Tena siwezi kuwaambia kwa uhakika kwamba ni maneno yaliyosaidia au ni bahati, kwa sababu nilibadilisha vitu viwili kwa pamoja. Hubadilishwa kimoja kimoja, kingine kikae kama kilivyokuwa. Hilo pia nilistahili kufundishwa na mtu aliyepokea Sh 18,500 yangu.

Ya saa nayapita haraka. Waliopewa ofa za Marekani walirusha saa tatu asubuhi darasani, wakati New York ni saa nane usiku. Huenda ni saa nzuri kwa ofa hizi, huenda ni mbaya, ndiyo maana saa hupimwa. Yeye hakuwahi kuuliza huko ni saa ngapi.

Sasa picha.

Jumamosi ya tano alitupa folda ya picha za wanawake za kuweka kwenye mabango. Tukawa tunazipitia kwenye simu. Kijana aliyekaa kushoto kwangu alisimamisha kidole. Picha ni ya msichana amekaa kwenye ukingo wa mashua, leso ya manjano mabegani, na nyuma yake, imekatwa nusu, ile nguzo ya Vasco da Gama. Hakuna asiyeijua nguzo ile. Kijana akanisogelea sikioni: "Huyu ni mtoto wa mama mdogo. Hii ni picha ya Idi." Mkono wake ulikuwa unatetemeka. Picha ya Idi, imechotwa kwenye ukurasa wa Facebook wa msichana wa watu, iwekwe kwenye tovuti za ngono mbele ya wanaume wa nchi nzima ya Italia.

Alipoulizwa, mwalimu alisema picha ikishakuwa mtandaoni ni ya kila mtu. Huo ni uongo. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na sura ya mtu ni data yake. Huwezi kuichukua ukaipeleka kwenye biashara bila idhini yake, na Ofisi ya Kamishna wa Data inapokea malalamiko ya namna hiyo. Huko Marekani kwenyewe, wanaotengeneza picha za ngono wanalazimishwa na sheria, kifungu cha 2257, kuweka kumbukumbu za umri na utambulisho wa kila anayeonekana. Yeye hana karatasi hata moja. Hajui wasichana wale wana miaka mingapi. Narudia, wadau, hajui wana miaka mingapi. Mimi nina binti wa miaka 14.

Yule kijana aliondoka na hakurudi. Mimi nilibaki mpaka mwisho wa kipindi, na jambo hilo linaniuma kuliko pesa.

Ile skrini sasa. Baada ya siku ile nikaanza kusoma ule mtandao wa matangazo ukurasa kwa ukurasa, mpaka masharti ya chini kabisa. Nikakuta: ukimleta mtu kwa linki yako, unapewa asilimia 5 ya kila dola atakayotumia. Si ya faida yake. Ya matumizi yake. Apate, akose, wewe unalipwa.

Nikaifungua picha niliyopiga Jumamosi ya kwanza, nikaikuza kwa vidole viwili. Juu kushoto kuna maandishi madogo ya kijivu: ni ukurasa wa matumizi ya watu walioletwa. Chini yake si orodha ya kampeni. Ni majina ya watumiaji. Alituonyesha hasara za darasa lililotutangulia akatuambia ndiyo faida yake.

Tuwe wakweli wa hesabu. Watu 18 kwa dola 200 ni dola 3,600, na asilimia 5 yake ni dola 180, kama Sh 23,400. Ukiilinganisha na ada zetu sote, Sh 333,000, ni pesa ndogo. Lakini ndiyo iliyokuwa ikimwandikia majibu. Mimi "ongeza bajeti", mama wa mahamri "hamia mtandao mwingine". Majibu mawili yanayopingana, na yote mawili yanamlipa yeye.

Nilimpigia. Akasema, "Kaka, biashara ni kujaribu, wewe moyo wako mdogo." Dakika kumi baadaye nimeondolewa kwenye kundi.

Jumla yangu ni Sh 44,500. Nilichozalisha ni dola 81.60, na zimekwama, kwa kuwa kima cha chini cha kulipwa ni dola 100. Nalo hilo hakulisema.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Mliouliza kama naacha: sijui bado. Kazi ya kupima imenishika, naipenda, na ningeifanya hata kwa tangazo la nyumba za kupanga Watamu. Ile folda ya picha nimeifuta, lakini nimebakiza nakala ya orodha ya picha zilizokuwemo kama ushahidi.

Uliyesema niende polisi: kwa pesa zetu kuna njia nyingine, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi Sh milioni 1, na ada zetu sote 18 hazifiki hata nusu yake. Mpaka sasa tumejitokeza watano. Familia ya yule msichana inapeleka lalamiko lao kivyao kwa Kamishna wa Data, na wameniomba nisiseme zaidi juu yake, kwa hiyo msiniulize.

Waliokuwa kwenye darasa letu au lililotangulia, nitumieni ujumbe hapa ndani, na muwe na risiti zenu za M-Pesa. Mama wa mahamri keshaleta yake. Mwalimu naye ametangaza darasa jipya, Jumamosi ijayo, Watamu, na ada sasa ni Sh 22,000.