Je, masaibu ya Elizabeth Zott yametiwa chumvi?

Swali: Ndugu wasomaji, nimemaliza riwaya ya Bonnie Garmus, Lessons in Chemistry, iliyotoka mwaka 2022. Mkemia wa California katika miaka ya 1950, Elizabeth Zott, anafukuzwa kazi kwa sababu ni mjamzito asiye na mume, kisha anaishia kufundisha mapishi kwenye televisheni. Je, mwandishi hakutia chumvi?

Jibu la kwanza: Chumvi ipo, hasa kwa yule mbwa wa Zott anayeelewa mamia ya maneno, lakini katika suala la ajira sioni. Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani, iliyokataza waajiri kubagua kwa misingi ya jinsia, ilipitishwa mwaka 1964, na iliyotaja ujauzito waziwazi ikangojewa hadi 1978. Maria Goeppert Mayer alifanya utafiti kwa miaka mingi bila mshahara katika vyuo vikuu vilivyomwajiri mumewe, na bado akapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1963.

Jibu la pili: Mkumbukeni pia mwanafizikia Chien-Shiung Wu, ambaye jaribio lake lilithibitisha wazo la wanafizikia wenzake Lee na Yang, lakini Tuzo ya Nobel ya mwaka 1957 ikaenda kwa wanaume hao wawili peke yao. Lililonigusa zaidi riwayani ni Zott kulibomoa jiko lake na kuligeuza maabara. Kasoro, kwa maoni yangu, ni kwamba mhusika huyu karibu hakosei kamwe.

Muulizaji: Nashukuru. Kumbe chumvi ni ya mbwa tu.