Msiniambie nitulie! Kuuza nyumba ninayoishi kunanitoa roho

Wakuu, nimekaa kimya miezi 7. Leo naandika na hasira zangu, mtanivumilia.

Nauza nyumba. Siyo kiwanja, siyo pagala. Ni nyumba ambayo mimi, mke wangu na watoto tunalala ndani yake, na hapo ndipo watu hawanielewi. Anayeuza gari analiegesha nje, watu wanalizunguka, wanapiga tairi teke, wanaondoka. Mimi watu wananikuta sebuleni. Juzi kaja baba mmoja na mkewe na shemeji yake, na mtu wa nne ambaye mpaka leo sijui alikuwa nani. Huyo wa nne akaingia chumbani kwetu, akafungua kabati, akazisukuma nguo za mke wangu pembeni kwa mkono, eti anaangalia kama ukuta una unyevu. Mke wangu amesimama pale pale mlangoni, hajasema neno. Usiku ndipo nikasemeshwa mimi.

Halafu madalali. Nilikuwa nao 3, nikidhani wengi ndiyo heri, kumbe kila mmoja anatangaza bei yake. Nilijua siku mteja aliponionyesha simu yake: nyumba moja, picha zile zile, bei 3. Akaniuliza, "Mzee, ya kweli ni ipi?" Nikaonekana tapeli kwenye kochi langu mwenyewe.

Na wimbo wao ni mmoja: "Bosi, mteja wa uhakika yuko njiani, andaa nyumba." Basi tunapiga deki, viatu vinasukumwa chini ya kitanda, watoto wanafukuzwa sebuleni, taa zote zinawashwa. Saa inapita, ya pili inapita. Ukipiga simu inaita tu. Kesho yake unaambiwa mteja alipata dharura. Hawa wateja wa uhakika wana dharura nyingi, sijui wanaishije.

Sasa kilichonileta hapa. Nikilalamika, kila mtu ananiambia tulia, vuta pumzi, usiweke moyoni. Sikatai, kutembea jioni kunanisaidia kupata usingizi. Lakini shida yangu haiko kwenye mapafu. Shida ni kusubiri majibu ya watu wasio na haraka huku maisha yangu yote yamesimama. Shule ya watoto inategemea mnunuzi. Pa kuhamia panategemea mnunuzi. Hata bomba linalovuja jikoni tunaulizana na mke wangu, tulitengeneze au tumwachie mwenye nyumba mpya? Miezi 7 tunakinga ndoo.

Kuna Wamarekani wawili, Thomas Holmes na Richard Rahe, ambao mwaka 1967 walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja na alama zake kwa jinsi linavyomlemea mtu. Kufiwa na mwenzi wako ni 100, talaka 73. Kuhama makazi? 20. Nikacheka peke yangu usiku. Nikaona hapana, ngoja nijumlishe vyote vilivyokuja na hii nyumba: kuhama 20, watoto kubadili shule 20, hali ya fedha kubadilika 38, kugombana na mwenzi kuliko kawaida 35, usingizi kuvurugika 16. Jumla 129. Chini ya 150, kwa hesabu zao, hatari ya kuugua ni ndogo. Kwa hiyo niko salama wakuu. Nendeni mkamwambie mke wangu.

Ila nisiwatupie wengine kila kitu, na mimi nina langu. Mlango wetu wa bafuni haufunguki mpaka uunyanyue kidogo kwa kitasa ndipo usukume. Humu ndani hakuna anayeuona ni mbovu, hata mtoto mdogo anaujua. Akaja mteja, akausukuma mara mbili, akasema "milango imekwisha", akataja bei ambayo sitaiandika hapa. Nilimjibu vibaya. Nikamsindikiza mpaka getini bila kuagana naye.

Baadaye nikasoma jaribio la watafiti watatu, Kahneman, Knetsch na Thaler, lilitoka 1990. Waliwagawia baadhi ya wanafunzi vikombe, wengine hawakupewa, kisha wakawaacha wauziane. Waliokuwa navyo walitaka karibu mara mbili ya bei ambayo wasiokuwa navyo walikuwa tayari kutoa. Kikombe, jamani, ambacho mtu amekishika muda mfupi tu. Mimi nimeishi humu miaka 14, na huo mlango wa bafuni nimeuning'iniza kwa mikono yangu.

Kesho yake nikatafuta mthamini, nikamlipa mwenyewe. Bei aliyoandika ilikuwa chini ya ile iliyokuwa kichwani mwangu. Iliniuma siku 2 nzima, sikusema na mtu. Siku ya tatu nililala usingizi ambao sikuupata tangu tutangaze. Kumbe nusu ya mawazo yangu ilikuwa kuitetea bei ambayo hakuna aliyeipanga isipokuwa mimi.

Tangu hapo nimeweka amri zangu. Dalali mmoja, kwa maandishi. Nyumba inaangaliwa Jumamosi na Jumapili alasiri tu, na watu wasizidi 2. Bei ya chini kabisa tumekubaliana mimi na mke wangu, ikaandikwa kwenye karatasi, iko droo ya kitanda, hakuna wa kuniyumbisha nikiwa nimechoka. Na tangazo haliondoki kwa maneno ya mdomo, mpaka mkataba usainiwe mbele ya wakili na malipo ya awali yaingie. Dalali akaniambia, "Hivyo utakosa wateja, bosi." Nikamwambia niwakose hao wafungua makabati.

Sasa naomba waliokwisha kuuza wanisaidie, siyo wa "tulia kaka". Jumamosi ya wiki mbili zilizopita kaja mtu mtaratibu, yuko na mkewe tu. Akafungua mabomba kuangalia nguvu ya maji, akaomba kuona hati, akaupiga mlango wa bafuni ukagoma, akacheka. Bei hakuipinga. Akasema atanipa jibu Ijumaa. Leo ni Ijumaa ya pili. Dalali ananiambia nisubiri, mke wangu anasema nipige. Nikimpigia mimi, si ndiyo nitakuwa nimeonyesha njaa?