Pirates wamfungulie mlango Konnor Griffin Machi 2026, au wamwache akomae kwanza?

Mwana wa Mito Mitatu (Pittsburgh)

Salamu kwenu nyote mnaofuatilia besiboli. Msimu wa 2025 umefungwa, Dodgers wamebeba kombe kwa mwaka wa pili mfululizo, na sisi mashabiki wa Pittsburgh Pirates tumerudi kwenye kazi tuliyoizoea, yaani kuipitisha baridi yote tukihesabu tuzo na majina ya vijana kwa sababu hatuna kingine cha kuhesabu. Timu yetu ilishinda mechi 71 ikafungwa 91, ikapiga homurani (mpira unaopigwa hadi nje ya uwanja) 117, idadi ndogo kuliko ya timu nyingine yoyote kati ya zile 30, na haijaonja mechi za mtoano tangu mwaka 2015.

Katikati ya ukame huo, mrushaji wetu Paul Skenes ametwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, kwa kupata kura zote 30 za nafasi ya kwanza katika Ligi ya National, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu. Aliruhusu wastani wa mikimbio (yaani pointi) 1.97 kwa kila raundi tisa na kuwatoa wapigaji 216 kwa straiki, lakini alishinda mechi 10 na kupoteza 10, jambo ambalo ukimweleza mtu asiyeufuatilia mchezo huu atadhani unamtania. Mechi iliyonikaa moyoni ni ile ya Jumapili ya tarehe 18 Mei kule Philadelphia. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nikajitupa kwenye kochi bila kuvua viatu, nikamtazama akirusha raundi 8 peke yake, akaruhusu mkimbio mmoja tu, na wapigaji wetu wakashindwa kumpa hata mmoja wa kusawazisha. Tulilala 1-0, na chai yangu ikapoa kikombeni.

Sasa naja kwenye swali langu. Konnor Griffin, tuliyemchukua wa 9 katika drafti (zamu za klabu kuchagua vijana) ya 2024 akitokea sekondari huko Mississippi, amemaliza mwaka wake wa kwanza wa kulipwa akiwa na wastani wa kupiga wa .333 (pigo zuri moja kwa kila majaribio matatu), homurani 21 na besi 65 alizoiba kwa kukimbia bila kusubiri pigo, akipanda ngazi tatu za timu zetu za daraja la chini, kutoka Bradenton hadi Greensboro na hatimaye Altoona. Mwishoni mwa Agosti nilimchukua binti yangu tukaendesha gari karibu saa mbili hadi Altoona ili tumwone kwa macho yetu. Tulifika mapema, wakati wa mazoezi, na nyuma ya uzio wa kulia kunaonekana ile reli ya mbao ya bembea la mwendo kasi (roller coaster), ambayo binti yangu aliipenda kuliko besiboli yenyewe. Griffin alikuwa amesimama kati ya besi ya pili na ya tatu, kijana mrefu ambaye kwa umbo lake ungemweka acheze kule mbali mwishoni mwa uwanja, akiokota mipira inayobiringika upande wake wa kulia na kuitupa hadi besi ya kwanza bila kuunyoosha mwili kwanza. Mpira ulipoingia kwenye glavu ya mwenzake ulitoa kishindo kikavu kilichomfanya binti yangu ainue kichwa kutoka kwenye simu.

Kinachonikosesha usingizi ni hesabu za viongozi. Mchezaji anayekaa kwenye kikosi cha Ligi Kuu siku 172 anahesabiwa mwaka mzima, na akitimiza miaka sita anakuwa huru kwenda atakako, hivyo klabu nyingi zilikuwa zikimficha kijana wiki mbili tatu za mwanzo ili zimbakize mwaka wa ziada. Mkataba wa 2022 kati ya wamiliki na wachezaji ulileta dawa ya ugonjwa huo: kijana aliyemo kwenye orodha za chipukizi 100 bora, akipewa mwaka mzima na akatwaa tuzo ya Mchezaji Bora Chipukizi, au akaingia tatu bora za Cy Young au za Mchezaji Bora kabla ya kufikia ngazi ya usuluhishi wa mshahara (anapoweza kudai msuluhishi aamue malipo yake), klabu yake inazawadiwa chaguo la ziada katika drafti baada ya raundi ya kwanza. Sisi tulimleta Skenes tarehe 11 Mei 2024, akatwaa tuzo ya chipukizi hata hivyo, kanuni ikampa mwaka wake kamili, na chaguo hatukulipata. Tulipoteza huku na huku. Je, mngekuwa viongozi wa Pirates, mngemwanzisha Griffin siku ya kwanza ya msimu wa 2026 wakati atakuwa bado na miaka 19?

Mzee wa Ziwa Erie (Cleveland)

Mwanangu, nimekusoma hadi mwisho na uchungu wako ninauelewa, lakini nakuomba usimpime kijana kwa kipimo cha Skenes, kwa sababu mrushaji mwenye mkono kama ule anaweza kuingia popote, ilhali mpigaji hujifunza kwa kukosea mbele ya watu. Griffin amecheza mechi 21 tu kule Altoona. Mkumbuke Jackson Holliday wa Baltimore, aliyekuwa akitajwa kuwa chipukizi namba moja wa mchezo mzima, aliyepandishwa Aprili 2024 akiwa na miaka 20, akapiga vizuri mara 2 katika majaribio 34, na kabla mwezi haujaisha akarudishwa daraja la chini.

Swali ninalolitanguliza mimi ni la kocha atakayempokea. Sisi wa Cleveland Guardians tuna kocha Stephen Vogt, aliyestaafu kudaka mwaka 2022, akawa msaidizi Seattle kwa msimu mmoja, na tangu tumchukue amepewa tuzo ya Kocha Bora wa Ligi ya American mara mbili katika misimu miwili. Mwaka huu tulikuwa nyuma ya Detroit kwa mechi 15 na nusu, tukawapita na kutwaa ubingwa wa kundi, kisha Detroit hao hao wakatutoa katika raundi ya kwanza ya mtoano. Kura za tuzo hupigwa kabla ya mtoano kuanza, kwa hiyo waandishi walikuwa wameshamaliza kazi yao. Nilichokipenda kwa Vogt ni kwamba kijana akiboronga usiku mmoja, kesho yake jina lake lipo pale pale kwenye kikosi, na kwa mtoto wa miaka 19 hilo lina uzito kuliko mazoezi yoyote.

Kwenu walimtimua Derek Shelton tarehe 8 Mei timu ikiwa na ushindi 12 na vipigo 26, wakampa kazi Don Kelly, mtoto wa nyumbani aliyesoma chuo hapo hapo Pittsburgh na ambaye enzi zake katika Ligi Kuu alicheza nafasi zote tisa uwanjani. Chini yake mlishinda 59 na kufungwa 65, na kwa wapigaji mliokuwa nao, mimi nasema alifanya kazi kubwa. Muulizeni yeye, msiwaulize wahasibu.

Mama Zawadi (Milwaukee)

Shikamoo Mzee. Naomba nitofautiane nawe kidogo, kwa sababu mfano wa Holliday una mwenzake ambao mashabiki wa Baltimore hawapendi kuusikia. Juan Soto alicheza mechi 8 tu katika ngazi hiyo ya Altoona kabla Washington hawajampandisha mwaka 2018 akiwa na miaka 19, na hakuna aliyemrudisha. Ukitaka mfano wa karibu zaidi, ninao hapa nyumbani. Desemba 2023, Brewers walimpa Jackson Chourio mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 82 kabla hajagusa hata mpira mmoja wa Ligi Kuu, wakamwanzisha siku ya kwanza akiwa na miaka 20, na miezi miwili ya mwanzo alisuasua hadi watu wa kibaraza changu wakaanza kumwita hasara. Msimu ulipoisha alikuwa na homurani 21 na besi 22 alizoiba.

Mnaona walichokifanya? Kwa mkataba ule, suala la kumficha kijana ili kubana siku lilikufa, kwa sababu miaka yake ilikuwa imeshanunuliwa, na kocha akabaki na kazi moja tu ya kumfundisha. Ndugu wa Mito Mitatu, swali lako la Machi ni halali, lakini ungeanza kwa kuwauliza wamiliki wako kama wako tayari kufungua pochi. Walimpa Bryan Reynolds zaidi ya dola milioni 106 mwaka 2023, kwa hiyo kalamu wanajua kuishika.

Kuhusu kocha, Mzee amesema kweli. Pat Murphy wetu naye ametwaa tuzo ya Ligi ya National mara mbili mfululizo, na mwaka huu tulishinda mechi 97, nyingi kuliko timu yoyote, kabla Dodgers hawajatufunga mechi nne kwa sifuri katika fainali ya ligi. Huyu ndiye kocha anayetembea na chapati za maji mfukoni na kuzitafuna mechi ikiendelea, na watu humcheka, lakini alifundisha vyuoni miaka mingi kabla ya kufika hapa na vijana anawajua. Ndiyo maana sikushangaa San Francisco walipomchukua Tony Vitello moja kwa moja kutoka Chuo Kikuu cha Tennessee, ingawa hakuwa amewahi kufundisha wala kucheza ngazi yoyote ya kulipwa. Wengi wanabeza uteuzi huo, mimi nausubiri kwa hamu.

Mwalimu wa Glavu Moja (Uganda)

Ndugu zangu, mimi nafundisha watoto mchezo huu huku Uganda, na nimesoma mjadala wenu nikiwa upande ambao hamjautaja. Hiyo kanuni ya chaguo la ziada inamhusu kijana ambaye jina lake limeshaingia kwenye orodha za 100 bora, ambaye klabu ilikuwa na kila sababu ya kumtunza hata pasipo zawadi. Kwa kijana wa nje ya orodha hizo hakuna zawadi, na hao ndio wengi, wakiwemo wetu. Dodgers waliwasaini Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022, na Pirates hao hao mnaowajadili walimsaini David Matoma, mrushaji kutoka huku. Kijana wa aina hiyo anaanzia ngazi ya chini kabisa, na akivurunda miezi miwili hakuna gazeti litakaloandika kwamba anahitaji subira.

Hapa kwetu, zamu ya kurusha inapobadilika, watoto waliokuwa uwanjani huzilaza glavu zao kwenye nyasi ili wapinzani wazivae, na mwenye mkono wa kushoto huvaa kinyume ile ya mwenye mkono wa kulia na kujitahidi hivyo hivyo. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo, ukimpa mwaka mmoja wa majaribio, humjui bado. Nakubaliana na Mzee kwamba kocha anayekurudisha kikosini kesho yake ndiye anayekukuza, lakini makocha wa namna hiyo wanahitajika zaidi kule chini, ambako hakuna tuzo ya Kocha Bora inayofuatiliwa na mtu.

Kwa swali lenyewe, ningemwanzisha Griffin. Pirates ndio walimpa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini nafasi Aprili 2017, akawa Mwafrika wa kwanza kucheza Ligi Kuu, na mara yake ya kwanza kusimama kupiga, dhidi ya mrushaji Jon Lester, alipiga mpira uliomfikisha besi ya kwanza. Alikuwa ameusubiri mlango huo kwa zaidi ya miaka minane. Sijawahi kusikia kwamba kusubiri kote huko kulimwongezea ufundi wa kupiga.

Mwana wa Mito Mitatu (Pittsburgh)

Shikamoo Mzee, na asanteni sana Mama Zawadi na Mwalimu. Mmenibadilisha nusu. Nilikuja nikiwa nimeamua kwamba chaguo la drafti ndiyo hoja kubwa, hasa baada ya kuona Atlanta wakilipata mwaka huu kwa sababu Drake Baldwin alianza nao siku ya kwanza, tena kwa bahati, maana mdakaji wao Sean Murphy alikuwa majeruhi. Athletics walimleta Nick Kurtz mwishoni mwa Aprili, naye akatwaa tuzo ya chipukizi ya ligi yake kwa kura zote, wakabaki na makofi. Lakini kweli, chaguo moja la drafti ni mtoto mwingine wa kusubiriwa miaka minne, na sisi kusubiri tumeshahitimu.

Ninachobaki nacho ni kalenda ya Skenes. Kwa kuwa alipewa mwaka kamili wa 2024, atakuwa huru baada ya msimu wa 2029, ikiwa hatutamuuza kabla, na tangu Dwight Gooden wa 1984 na 1985 hapakutokea mwingine aliyetwaa tuzo ya chipukizi kisha Cy Young mwaka unaofuata, hadi yeye. Misimu yake iliyobaki nasi inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kila mwezi Griffin anaokaa Altoona au Indianapolis (daraja la mwisho kabla ya Ligi Kuu) ni mwezi ambao Skenes anarusha raundi nane na kufungwa 1-0. Mama Zawadi, wazo la mkataba kwanza nalichukua mzima mzima, na ningependa lifanyike kabla ya kambi ya Bradenton kufunguliwa Februari. Mzee, lako pia nalichukua: Kelly ahudhurie mazungumzo, aseme mbele ya viongozi kama yuko tayari kuliandika jina la kijana kikosini hata akiwa amekosa mara 20 mfululizo. Akisema ndiyo, aanze naye.

Mwalimu, binti yangu amesoma habari ya glavu kwenye nyasi na ananiuliza huyo wa mkono wa kushoto anacheza nafasi gani.

Mwalimu wa Glavu Moja (Uganda)

Mwambie anarusha. Na anawatoa.