Pompomu zangu zinamwaga nyuzi, nakosea wapi?

ummu_vikapu (Lamu)
Asalaam aleikum jamaa zangu. Mimi hushona vikapu vya miyaa hapa Langoni na siku hizi wateja wanataka vile vya pompomu (vile vitufe laini vya nyuzi) za rangi rangi pale ukingoni. Kifaa chenyewe cha kutengenezea sina, natumia vidole tu, nazungusha uzi wa kufumia kwenye vidole vinne kama mara 50 hivi, nafunga katikati na uzi ule ule, nakata. Siku ya kwanza inapendeza lakini mtu akiivuta vuta kidogo nyuzi zinachomoka moja moja mpaka inabaki na upara upande mmoja. Juzi mteja amenirudishia kikapu, roho iliniuma sana manake ukili peke yake, ule mkanda wa miyaa wa kushonea kikapu, nimesuka siku nne. Sasa nina oda ya vikapu 6, kila kimoja pompomu 12, nisaidieni tafadhali.

binti_malindi
Waleikum salaam dadangu, pole sana. Shida naiona ni uzi wa kufungia. Uzi wa kufumia ukiuvuta kwa nguvu unakatika, usipouvuta kwa nguvu haukazi, hapo huwezi kushinda. Funga na kitu kigumu, hata mshipi wa kuvulia. Halafu mara 50 ni kidogo mno, mimi sishuki 120 na uzi ukiwa mwembamba nafika 150, zikisongamana zenyewe zinashikana.
Na vidole achana navyo vinakufa ganzi bure. Chukua boksi lolote, la sabuni au la biskuti, kata duara mbili sawasawa za upana wa sm 7, katikati toboa tundu kama sarafu ya shilingi tano. Zilaze pamoja, zungusha uzi mpaka tundu likaribie kuziba, mwisho mwisho itabidi utumie sindano ya gunia kupenyeza. Ingiza makasi kati ya zile duara mbili ukate ukingo wote, pitisha uzi wa kufunga hapo hapo katikati, kaza, ndio uchane boksi utoe. Duara ya sm 7 inakupa pompomu ya kama sm 5.

mvuvi_wa_shela
Shemeji hapo kwa mshipi sikubaliani na wewe. Mshipi ni nailoni moja ngumu inayoteleza, fundo ukilifunga vibaya linajifungua lenyewe. Tumia uzi wa kushonea nyavu, ule wa kusokotwa, unauma vizuri. Na fundo la kwanza pitisha mara mbili sio mara moja, ukivuta halirudi nyuma wakati unatafuta la pili. Ukimaliza zungusha mikia ya huo uzi wa kufungia upande wa pili ufunge tena. Mikia usikate, utaihitaji kwenye kikapu.

bibi_wa_mkomani
Mwanangu pompomu 72 kwa duara moja moja utakesha. Pindua kiti miguu iangalie juu, zungusha uzi kwenye miguu miwili mara hizo 120, kisha funga fungu zima kila baada ya sm 5 kwa huo uzi wa nyavu aliosema baba. Usikate katikati ya mafundo kabla hujamaliza kufunga yote, ukikata mapema fungu lote linalegea. Miguu ikiwa imeachana sm 30 unapata sita kwa mpigo mmoja. Hutoka na nywele zisizo sawa kuliko za boksi, kwa hivyo kunyoa ndio kazi yenyewe. Izungushe mkononi, nyoa kidogo, ikung'ute, nyoa tena, usishike upande mmoja ukaumaliza.
Ukitaka ivimbe ipitishe juu ya mvuke wa birika kwa mbali, lakini angalia, uzi mwingi tunaouziwa ni akriliki, jamii ya plastiki, joto likizidi unalala na haurudi tena. Pasi usithubutu.

binti_malindi
Ahsante bibi, hiyo ya kiti sikuijua. Mtu akitaka vidogo vidogo vya kishikio cha zipu azungushie kwenye uma wa chakula, uzi wa kufunga upite kati ya meno.

ummu_vikapu (Lamu)
Nimerudi. Jana nimepindua stuli nikatengeneza mafungu mawili, pompomu 12 kwa muda ambao zamani nilikuwa napata tatu. Ya kwanza nimeivuta kwa meno kabisa haikutoa hata unywele. Mikia nimeipenyeza kwenye ukili na sindano ya gunia, mmoja huku mwingine kule, nikafunga fundo ndani ya kikapu halionekani. Moja tu ndio imetoka ndogo, niliifunga karibu sana na mguu wa stuli. Shemeji wa Shela mwambie mkeo nimemwekea mbili nyekundu, na bibi Mkomani nakuja kukuamkia Ijumaa inshallah.